Kusoma Makuzi ya Binadamu na Familia katika Chuo cha Jamii Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa Waswahili wenzangu tunaoishi Marekani. Mengine huulizwa nje ya kanisa au msikiti, mengine kwenye vikao vya harusi, na mengi kwa simu usiku, watoto wakishalala. Wanaouliza ni akina mama waliofika kama wakimbizi kutoka Kongo, vijana wa Kenya na Tanzania wenye viza ya masomo, na akina baba waliochoka kubeba maboksi ghalani. Njia hii nimeipita mwenyewe, nikianza na darasa moja la jioni.

## Mambo ya msingi

1. Masomo haya yanahusu nini hasa?

Yanahusu namna mtu anavyokua tangu tumboni hadi uzeeni, na namna familia inavyomlea, inavyomshikilia na wakati mwingine inavyomuumiza. Utasoma mwili, akili, lugha, hisia, ndoa, ulezi, fedha za nyumbani, uzee na msiba.

Mzizi wake ni sayansi kimu. Ellen Swallow Richards, mwanamke mkemia, aliongoza mikutano ya Lake Placid iliyoanza mwaka 1899, na baadaye akawa rais wa kwanza wa chama cha sayansi kimu cha Marekani. Ndiyo maana katika vyuo vingine idara hii bado iko pamoja na lishe. Waliosoma sayansi kimu nyumbani wasidhani wanaanza upya kabisa.

2. Chuo cha jamii ni chuo gani?

Ni chuo cha umma cha miaka miwili, kinachopokea karibu kila anayeomba. Kile cha Joliet, Illinois, kilichoanza mwaka 1901, ndicho kikongwe kuliko vyote vya umma vilivyopo leo. Ada yake ni nafuu kuliko ya chuo kikuu, kuna madarasa ya jioni, na ukimaliza krediti kama 60 unapata shahada ya miaka miwili iitwayo Associate.

Piga hesabu ya muda kabla ya hesabu ya fedha. Somo la krediti 3 ni saa 3 darasani kila wiki, na saa kama 6 za kusoma na kuandika nyumbani. Krediti 12 basi ni saa 36 kwa wiki. Mtu mwenye kazi ya saa 40 na watoto watatu akijiandikisha krediti 12 muhula wa kwanza, anajitafutia maradhi. Anza na somo moja au mawili.

3. Nimelitafuta jina la masomo haya kwenye orodha ya chuo chetu, sijaliona. Hayapo?

Huenda yapo kwa jina jingine. Chuo kimoja kitaandika Human Development and Family Studies, kingine Child Development, kingine Early Childhood Education au Human Services. Usisome jina la programu, soma orodha ya masomo yaliyomo. Ukiona somo la makuzi ya maisha yote na somo la mahusiano ya familia, umefika. Ukiona yote ni ya watoto chini ya miaka minane, hiyo ni programu ya ualimu wa awali. Ni nzuri, lakini ni nyembamba zaidi.

4. Kwa nini nisisome saikolojia au ustawi wa jamii?

Saikolojia humwangalia zaidi mtu mmoja na yaliyo akilini mwake. Ustawi wa jamii ni taaluma yenye leseni na njia yake maalumu. Masomo haya humwangalia mtu akiwa ndani ya nyumba yake, na nyumba ikiwa ndani ya mtaa. Ukitaka kuwa mshauri wa ndoa na familia mwenye leseni, jua mapema kwamba utahitaji shahada ya uzamili. Chuo cha jamii ni ngazi ya kwanza tu.

## Kuingia na kulipa

5. Vyeti vyangu ni vya NECTA, KCSE au Diplôme d'État. Vinakubalika?

Vinakubalika. Cha Kifaransa kitahitaji tafsiri rasmi. Ukitaka krediti za chuo ulichosoma nyumbani zihesabiwe, utatakiwa kuvipeleka kwa taasisi ya kutathmini vyeti, mfano WES. Uliza chuo kwanza kinataka ipi, kwa sababu unalipa mwenyewe.

Kama vyeti viliungua au vilipotea njiani, usikate tamaa. Fanya mtihani wa GED au HiSET, ambao unasimama badala ya cheti cha sekondari na kukufungulia mlango wa msaada wa serikali (swali la 7).

6. Kiingereza changu hakitoshi. Nisubiri?

Usisubiri, lakini usikimbilie kulipia. Chuo kitakupima na kukupangia darasa la Kiingereza. Maktaba na shule za watu wazima hufundisha Kiingereza bure, anzia huko. Sababu ni hii: madarasa ya lugha ya chuoni mara nyingi hayahesabiki kwenye krediti 60 za shahada, ila yakilipiwa na Pell, fedha ya serikali (swali la 7), yanapunguza muda wako wa msaada, ambao mwisho wake ni mihula 12 ya masomo kamili kwa maisha yote. Nimeona mama amemaliza mihula minne kwenye lugha peke yake.

7. Nani atalipa?

Jaza fomu ya FAFSA kila mwaka. Ni bure, anayekudai dola 100 akujazie anakuibia. Fomu hiyo ndiyo inayoamua kama utapata Pell Grant, fedha ya serikali isiyorudishwa, ambayo kwa mwaka wa masomo 2025–26 kiwango chake cha juu ni dola 7,395. Kwenye vyuo vingi vya jamii kiasi hicho hulipa ada na vitabu na kikabaki kidogo.

Mwenye uraia au grini kadi anaomba bila shida. Mkimbizi na aliyepewa hifadhi wamekuwa wakikubaliwa kwa kuonyesha fomu ya I-94 yenye muhuri wa hali yao. Kanuni hubadilika, kwa hiyo nenda na karatasi zako ofisi ya msaada wa fedha, usitegemee maneno ya mtaani, hata yangu.

Kama tayari unafanya kazi kwenye kituo cha kulea watoto, uliza habari za T.E.A.C.H. Ni ufadhili ulioanzia North Carolina mwaka 1990 na sasa uko katika majimbo mengi. Hulipa sehemu kubwa ya ada, na mwajiri wako huchangia. Watu wetu wengi wanaolea watoto wa wengine hawajawahi kuusikia.

8. Nina viza ya masomo, F-1. Naruhusiwa?

Ndiyo, kama chuo kina kibali cha kupokea wanafunzi wa kigeni. Hutapata Pell. Lazima usome angalau krediti 12 kila muhula wa kawaida, na kati ya hizo ni somo moja tu la mtandaoni linalohesabika. Kazi ni ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Mafunzo kwa vitendo nje ya chuo (swali la 11) yanaweza kuhitaji kibali cha CPT, kwa hiyo kabla hujakanyaga kituo chochote, hata kama hulipwi, ongea na ofisa wa wanafunzi wa kigeni. Kosa hapa linagharimu viza.

## Darasani

9. Ni nadharia gani nitakutana nazo?

Erik Erikson na hatua zake nane za maisha. Jean Piaget na namna mtoto anavyofikiri. Lev Vygotsky, aliyeonyesha kwamba mtoto hufika mbali zaidi akishikwa mkono na anayejua. Urie Bronfenbrenner, aliyemchora mtoto katikati ya duara la nyumba, nalo ndani ya duara la mtaa na shule, hadi sheria na mila za nchi. Bronfenbrenner alikuwa mmoja wa walioshauri kuanzishwa kwa Head Start mwaka 1965, programu ya watoto wa familia maskini ambayo wengi wetu tumeipelekea watoto wetu. Nadharia yake ndiyo mkimbizi anaielewa haraka kuliko mwanafunzi yeyote, maana ameona duara la nje likivunjika na lile la ndani likibaki.

10. Hizi si nadharia za Wazungu tu? Sisi tunalea tofauti.

Nyingi zilitokana na watoto wa Ulaya na Marekani, na una haki ya kulisema hilo darasani. Lakini moja kubwa mno, ile ya mtoto kushikamana na mlezi wake (attachment), ilipata macho Afrika Mashariki. Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954 na kuzitembelea familia 26 za Baganda zenye watoto wachanga 28, nyumba kwa nyumba, akiwa na mkalimani. Aliona mtoto anayetambaa akimwacha mama, anakwenda kuchezea kitu, anageuka kumtazama, anarudi kidogo, kisha anakwenda tena. Mama alikuwa kituo chake cha usalama. Miaka ya baadaye Ainsworth aliendeleza kazi hiyo Baltimore, na jina la Baltimore ndilo linalokumbukwa zaidi. Mwalimu wangu aliposema "Uganda" nilikaa wima kwenye kiti.

Yaliyobaki bado yana mjadala. Kitabu kitazungumza sana kuhusu mama na mtoto wake. Sisi tunasema mkono mmoja haulei mwana, na tunajua mtoto anayebebwa na bibi asubuhi, dada mchana na mama mdogo jioni, na ametulia. Liandike hilo kwenye insha yako kwa mifano. Vivyo hivyo, ukifika kwenye hatua ya tano ya Erikson, ya kijana kujitambua, aliyepitia jando au unyago ana jambo ambalo wenzake hawana. Usilifiche ukidhani si elimu. Litafutie tu utafiti wa kulisindikiza, maana "kwetu tunafanya hivi" peke yake haipati alama.

11. Mafunzo kwa vitendo yakoje?

Utapangiwa kituo, iwe chekechea, nyumba ya wazee au ofisi ya huduma za familia, na utatakiwa kutimiza idadi fulani ya saa. Kazi kubwa ya mwanzo si kufundisha. Ni kukaa kwenye kiti kidogo pembeni na kuandika unachokiona.

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi ya mahali pengine popote. Siku ya kwanza niliandika: "Mtoto mkaidi, hapendi kushirikiana." Mwalimu alizungushia "mkaidi" kalamu nyekundu na kuuliza pembeni: ulimwona akifanya nini? Wiki iliyofuata nikaandika hivi: "Amekaa kwenye zulia, miguu ameinyoosha. Ameshika tofali jekundu la mbao mkono wa kushoto. Mwenzake analinyakua. Anamtazama, mdomo wa chini unatetemeka, anamtafuta mwalimu kwa macho. Hasemi neno." Mtoto yule yule, na ukaidi haupo. Kuna mtoto aliyeporwa na asiye na maneno ya kuomba msaada. Aliyekuwa mwepesi wa kumpa jina ni mimi.

12. Wanataka alama za vidole, chanjo na kipimo cha kifua kikuu. Kwa nini?

Mara nyingi ni sheria ya jimbo kwa wanaofanya kazi na watoto. Jambo moja wenzetu huumizwa nalo: wengi wetu tulichanjwa BCG utotoni, kile kidonda cha begani au mkononi. Kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo, ukaambiwa una maambukizi. Mwambie muuguzi kabla hajakuchoma kwamba ulichanjwa BCG, na uombe kipimo cha damu, ambacho hakiathiriwi na chanjo hiyo. Utaokoa wiki kadhaa na hofu ya bure.

13. Natakiwa kuchora mti wa ukoo, na nina ndugu waliokufa vitani. Lazima?

Zoezi hilo lipo kwenye vyuo vingi. Wanaume ni miraba, wanawake ni duara, na marehemu huwekewa alama ya X. Kwa mwenzako darasani ni kazi ya jioni moja. Kwa mtu wa Kivu inaweza kuwa kuweka X sita kwenye mstari mmoja.

Hulazimiki kufungua kidonda ili upate alama. Mwandikie mwalimu mapema, sentensi mbili zinatosha: familia yangu ilipoteza watu vitani, naomba nichore familia nyingine. Walimu wengi wa somo hili hukubali familia ya kubuni. Chuo pia huwa na washauri nasaha wasiodai malipo.

Kuna na ugumu mdogo wa lugha. Kiingereza hakina nafasi ya baba mkubwa na mama mdogo. Wa kwanza kinamtupa kwenye neno moja na mjomba, wa pili kwenye neno moja na shangazi. Mtoto wa baba mdogo, ambaye kwako ni ndugu, kitamwita binamu. Usikubali kuwasogeza pembeni. Wachore walipokuwa nyumbani, na uandike ufafanuzi chini. Mke wa pili wa baba naye ana mahali pake kwenye mchoro.

14. Nililelewa kwa kiboko. Darasani watanihukumu?

Utasoma mitindo ya ulezi ya Diana Baumrind: mzazi mkali anayeamuru tu, mzazi mwenye msimamo anayeeleza sababu, na mzazi anayeachia. Aliijenga kwa kuchunguza familia za California miaka ya 1960. Mwaka 1994 Ruth Chao alionyesha kwamba kwa familia za Kichina ukali wa mzazi hubeba maana ya kujali na kufunza, na kwamba maboksi ya Baumrind hayawatoshi. Msome, atakusaidia kuieleza nyumba yenu bila kuitetea kwa hasira. Lakini pia sikiliza kile utafiti unachosema kuhusu kipigo. Mimi niliacha fimbo kwa sababu ya darasa hili, na sijawadharau walionilea.

15. Ni kweli nitalazimika kuwaripoti watu wangu?

Ukifanya kazi na watoto, sheria ya kila jimbo inakutaka uripoti unapokuwa na sababu ya kushuku mtoto anadhulumiwa. Si kazi yako kuthibitisha. Anayeripoti kwa nia njema analindwa. Katika majimbo kama Texas na Kentucky, ambako Wakongo ni wengi, wajibu huo ni wa kila mtu, hata asiye mwalimu.

Najua hofu iliyo nyuma ya swali hili. Dawa yake ni kuongea mapema. Waambie marafiki zako na majirani kazi yako ni ipi, na sheria inasema nini kuhusu alama kwenye mwili wa mtoto na mtoto mdogo kuachwa peke yake. Familia nyingi nilizoziona zikipata misukosuko hazikuwa na ubaya. Hakuna aliyekuwa amezieleza.

## Kuhamia, kazi na yanayojitokeza

16. AA, AS na AAS zina tofauti gani?

Hili ndilo swali ambalo ningeomba kila mtu aulize siku ya kwanza. Zote ni aina za Associate. AA na AS hutengenezwa kwa anayetaka kuhamia chuo kikuu. AAS ni ya kwenda kazini moja kwa moja, na masomo yake mengi huenda yasipokelewe mbele. Rafiki yangu alimaliza krediti 63 za AAS, na chuo kikuu kikampokelea 34. Alilia ndani ya gari, na mimi nilikuwa kiti cha pembeni.

Fanya hivi: chagua chuo kikuu unachokitaka kabla hujamaliza muhula wa kwanza, omba makubaliano yao ya maandishi na chuo chako, na uchague masomo kwa kuyafuata hayo. California ina tovuti ya ASSIST inayoonyesha somo kwa somo. Lenga alama C kwenda juu kila somo, chini ya hapo mara nyingi halihamishiki.

17. CDA ni nini? Yatosha peke yake?

Ni cheti cha kazi ya kulea watoto: saa 120 za mafunzo, saa 480 za kazi na watoto, jalada la kazi zako, mtihani, na mtu anayekuja kukuangalia ukifanya kazi. Hudumu miaka mitatu. Ukitaka kuanza kazi haraka, ni njia nzuri, na vyuo vingi hukupa krediti ukija nacho. Lakini mwalimu wa watoto wa miaka 3 hadi 5 kwenye kituo cha Head Start anatakiwa kuwa angalau na Associate, kwa hiyo usiishie hapo.

18. Nitapata kazi gani, na mshahara je?

Msaidizi au mwalimu wa chekechea, mtembelea familia majumbani, mratibu wa wazazi shuleni, mtumishi wa programu za wakimbizi, kazi za vituo vya wazee. Nisikufiche: kulea watoto hulipwa kidogo. Mwaka 2024 mshahara wa kati wa walezi wa watoto ulikuwa dola 15.41 kwa saa kitaifa, na ghala linaweza kulipa zaidi. Ongezeko la maana huja na shahada ya miaka minne. Anayejua Kiswahili na Kiingereza pamoja na masomo haya hutafutwa sana na mashirika ya kupokea wakimbizi; litaje hilo kwenye kila ombi la kazi, na usikubali kutafsiri bure kila siku.

19. Nimepata mimba, au nimezidiwa katikati ya muhula. Niache?

Usipotee kimya, ndilo kosa kubwa. Sheria ya Title IX inakitaka chuo kiruhusu mapumziko ambayo daktari ameyaona ya lazima kwa mimba au kujifungua, na kikurudishe ulipokuwa. Kama huna budi kuacha somo, liache rasmi kabla ya tarehe ya mwisho upate W (umejiondoa) badala ya F (umefeli). Ukiacha masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya Pell hurudishwa, na chuo kinaweza kukudai. Kwa hiyo tazama kalenda kabla ya kusaini.

20. Mume wangu au wazazi wangu wanaweza kuona alama zangu?

Mume hapana, mpaka uandike ruhusa. Wazazi vivyo hivyo, ila chuo kinaweza kuwaonyesha kama wanakuhesabu tegemezi wao kwenye kodi. Sheria ya FERPA inakulinda hata ukiwa na miaka 17, maadamu uko chuoni.

21. Nikirudi nyumbani, shahada hii itatambuliwa?

Associate peke yake kwa kawaida huchukuliwa karibu na diploma. Shahada ya miaka minne ina nguvu zaidi. Tanzania, shahada za nje huhakikiwa na TCU, tume ya vyuo vikuu. Kenya, anzia KNQA, mamlaka ya taifa ya sifa za kitaaluma. Nafasi zipo: Tanzania ilizindua mwaka 2021 programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, na kazi ya namna hiyo inahitaji watu waliosoma hasa jambo hili. Tunza silabasi ya kila somo tangu siku ya kwanza, nakala ya karatasi na nyingine kwenye simu. Wahakiki huziomba, na baada ya miaka mitano chuo chako huenda hakinazo tena.